Kitabu cha Peni Tatu

Fahali wawili hawakai zizi moja, na mchoraji na mwanamuziki ni fahali kwelikweli. Kazi yangu ni kusanifu vitabu na kupanga kurasa, na kwa miaka mingi wamekuja mezani kwangu wawili wawili: mwenye gitaa au zeze, na mwenye brashi, wakitaka kutoa kitu cha pamoja, kitabu chenye nyimbo au santuri yenye kitabu. Huanza kwa bashasha. Wanasifiana, wanaagiza chai, wanaipa kazi jina kabla haijazaliwa. Baada ya muda simu zinapungua. Mchoraji anaanza kuhisi amegeuzwa mpambaji wa nyimbo za mtu. Mwanamuziki naye anajiona amefanywa mpiga debe wa maonyesho ya picha. Kinachotoka mwishoni, kikitoka, ni vitu viwili vilivyokaa pamoja kama abiria wa daladala: wamegusana mabega, lakini kila mtu ana kituo chake.

Zipo kazi zilizoepuka mwisho huo. Nimezitafuta, nimezisikiliza, nimezipekua ukurasa kwa ukurasa, na chache nimeshiriki kuzitengeneza. Karibu zote zina jambo moja linalofanana. Katikati ya wale wawili palikuwapo kitu cha tatu ambacho hakikuwa cha huyu wala cha yule, na wote wawili walikubali kukitii.

Mwalimu wa kwanza wa somo hili alikuwa mtu ambaye sikuwahi kuzungumza naye. Miaka ya tisini nilikwenda London kusomea uchapaji, nikapanga chumba Peckham, kusini mwa mji. Mwafrika hapotei Peckham. Barabara ya Rye Lane ina mihogo, ndizi za kupika, samaki waliolazwa kwenye barafu, vitambaa vya kitenge vilivyoning'inizwa mlangoni na saluni za kusuka zinazokesha. Siku moja mhadhiri wetu wa upangaji wa herufi aliposikia ninakoishi, alicheka. “Basi wewe ni jirani wa Tom Phillips,” akasema, kisha akaniazima kitabu.

Kisa cha kitabu hicho kilianzia mitaa hiyohiyo. Mwaka 1966 Phillips, mchoraji, alikuwa akitembea Peckham na mchoraji mwenzake, R. B. Kitaj. Wakaingia kwenye bohari la samani kuukuu lililokuwa na vitabu vya bei ya chee. Phillips akajiwekea nadhiri mbele ya mwenzake: kitabu cha kwanza atakachokipata kwa peni tatu, atakifanyia kazi kwa miaka mingi. Mkono ukaangukia riwaya ya mwaka 1892, A Human Document, ya W. H. Mallock, mwandishi ambaye hata Waingereza wenyewe walikuwa wameshamsahau. Phillips akaanza kuchora juu ya kila ukurasa, akifunika maneno mengi kwa rangi na kuyaacha machache yaonekane, na yale machache yakawa yanasema mambo ambayo Mallock hakuyawaza. Kazi hiyo akaiita A Humument. Ina kurasa 367, na aliendelea kuzichora upya, toleo baada ya toleo, hadi la sita lililotoka mwaka 2016, nusu karne tangu zilipotoka zile peni tatu. Alifariki mwaka 2022.

Kwa jicho la mpanga kurasa, kuna jambo moja katika kitabu hicho linalostahili kutazamwa kwa karibu. Chuoni tunafundishwa kuiogopa mianya myeupe inayojitokeza baina ya maneno na kuteremka mstari hadi mstari, ikikata aya vipande. Ukiiona, unarekebisha nafasi mpaka ipotee. Phillips aliifanya njia. Anaacha mwanya mwembamba mweupe uchepuke kutoka neno hadi neno, upite katikati ya maneno yaliyozama kwenye rangi, na jicho la msomaji linafuata. Kasoro ambayo fundi wa mwaka 1892 hakuifuta ndiyo inayobeba shairi lote. Nilitazama kurasa hizo usiku kucha, na tangu hapo kila ninapofuta mwanya mweupe huwa najiuliza nimeziba nini.

Sasa muziki unaingiaje? Phillips alikuwa pia mtu wa kwaya na wa muziki, na mwaka 1969 alichukua riwaya ileile ya Mallock akatoa humo opera, Irma, yenye jina la mwanamke wa riwayani. Usitarajie kitabu kinene cha noti. Yote imo kwenye karatasi moja: vipande vya maneno ya Mallock, vingine vikiwa maneno ya kuimba, vingine vikidokeza sauti, vingine vikieleza jukwaa na mavazi. Anayetaka kuicheza lazima aamue mwenyewe mambo karibu yote. Mwaka 1978 lebo ya Obscure, iliyoongozwa na mwanamuziki Brian Eno, ilitoa santuri ya Irma: muziki ukiwa wa Gavin Bryars, maneno yakipangwa na Fred Orton. Mwaka 1988 kundi la AMM likatoa rekodi yake. Ukizisikiliza hizo mbili mfululizo, utaapa ni opera mbili tofauti. Ya kwanza ni laini, ina mpangilio unaoshikika. Ya pili inakwaruza na kutangatanga. Zote zimetoka kwenye karatasi moja, iliyotoka kwenye kitabu kimoja cha mtu aliyekwisha kufa.

Hapo ndipo nilipoona nguvu ya kitu cha tatu. Bryars hakuwa akiupigia muziki mchoro wa Phillips, wala Phillips hakuwa akiuchorea muziki wa Bryars. Wote walikuwa wakisoma riwaya ya Mallock, na Mallock hakuwapo kumpendelea yeyote. Hakuna aliyelazimika kumpa mwenzake ukuu.

Eno naye ni tunda la mti huohuo. Miaka ya sitini alisoma katika chuo cha sanaa cha Ipswich, na Phillips akiwa mmoja wa walimu wake. Hakuwa amesomea muziki. Yeye na mwalimu wake walikusanya piano kuukuu, wakazivua mbao hadi nyuzi zikabaki wazi, wakazipanga ukumbini, kisha wakachezea humo tenisi ya mikono: mpira ukigonga nyuzi, muziki ndio huo. Mwaka 1975 Eno alipotoa albamu ya Another Green World, picha ya jalada ilikuwa kipande cha mchoro wa Phillips. Ukijua habari ya zile piano, jalada lile linakoma kuwa pambo. Ni mazungumzo yaliyokuwa yameshadumu miaka kumi.

Mwaka huohuo wa 1975 Eno alitoa kazi nyingine na mchoraji Peter Schmidt: kasha la kadi liitwalo Oblique Strategies. Kila mmoja alikuwa ameshaanza lake kivyake. Schmidt alikuwa na sentensi zake fupi za kumzindua akwamapo mbele ya turubai, Eno naye alikuwa na maagizo yake ya kumwokoa studio. Walipolinganisha walikuta wamekuwa wakiwaza njia moja, wakaziunganisha wakachapa nakala 500 za kwanza. Matumizi yake ni mepesi: ukikwama unachomoa kadi moja bila kuchagua, na unafanya inavyosema hata kama huielewi. Mwaka 1977 zilitumika Berlin wakati David Bowie na Eno wakitengeneza albamu ya “Heroes”. Mwaka huo pia Eno alitoa Before and After Science, na ndani ya bahasha ya santuri zikawekwa nakala za michoro minne ya Schmidt, ya kutoa na kutundika ukutani.

Watu huzisifia kadi hizo kwa hekima iliyoandikwa humo. Mimi nadhani kazi yake kubwa ni kumaliza ubishi. Watu wawili wenye vipaji wakibishana kama wimbo uongezwe ngoma au upunguzwe, ubishi unageuka haraka kuwa wa nani mkubwa. Kadi ikisema punguza, hakuna aliyeshindwa. Schmidt alifariki mwaka 1980, lakini kadi zimeendelea kuchapwa na kuamua ugomvi wa watu ambao hawakumjua.

Yuko mwingine aliyenifundisha, naye ni Cornelius Cardew, mwanamuziki Mwingereza aliyekuwa akijipatia riziki kwa kusanifu vitabu London. Kati ya mwaka 1963 na 1967 alichora Treatise, kitabu cha muziki cha kurasa 193 kisicho na wimbo wowote ulioandikwa kwa njia ya kawaida. Kuna mistari, miduara, pembe, tarakimu, alama za noti zilizovimba au kukatika. Mahali pengine duara kubwa jeusi limetawala ukurasa mzima. Mstari mmoja mnene unapita katikati karibu kitabu kizima, ukikatika na kurudi. Hakuna maelezo hata moja ya jinsi ya kupiga. Ila chini ya kila ukurasa Cardew ameacha mistari ya noti, seti mbili, mitupu kabisa.

Mistari hiyo mitupu ndiyo ninayowaonyesha wanafunzi wangu kwanza. Msanifu yeyote angeiona ni upotevu wa karatasi, mara 193. Lakini ndipo mpigaji anapokaa. Cardew amechora ukurasa kwa ukamilifu wa fundi asiyekubali mstari uliopinda, kisha akaweka mahali pasipo na mkono wake. Nimeona wachoraji wetu wengi wakijaza kila pembe, halafu wanashangaa kwa nini mwanamuziki amekosa la kufanya. Umempa chumba kilichojaa samani, atacheza wapi?

Mwaka 1969 Cardew, pamoja na Michael Parsons na Howard Skempton, alianzisha Scratch Orchestra, okestra iliyopokea hata wasiojua noti. Waliingia wachoraji, wanafunzi, watu wa kazi nyingine kabisa. Kila mwanachama alitakiwa kuwa na daftari lake, na humo aandike au achore muziki kwa njia yoyote anayoiweza. Mwaka 1972 sehemu ya yaliyomo kwenye madaftari hayo ilitolewa kitabuni, Scratch Music. Ukikifungua unakuta mchoro ubavuni mwa agizo, na agizo ubavuni mwa noti, bila kujua nani ni mchoraji na nani mwanamuziki. Daftari lilikuwa limewasawazisha.

Niliporudi Dar es Salaam na mawazo hayo, nilikuta desturi yetu ni nyingine. Mwimbaji mmoja aliyeheshimika, jina lake nalistahi, aliniomba nisimamie kijitabu cha nyimbo zake, akamleta mchoraji kijana. Wimbo wa mvua ulipata picha ya mvua. Wimbo wa mama ulipata picha ya mama amebeba mtoto mgongoni. Kila picha ilisema “ndiyo mzee” kwa wimbo wake. Kijana alikuwa fundi, si haba, lakini aliitwa kutii, na aliyeitwa kutii hana cha kukuongezea. Kijitabu kilichapwa kikauzwa. Miaka baadaye mtu akinionyesha, nazisikia nyimbo, ila picha siikumbuki hata moja.

Kazi niliyoitaka ilikuja kwa njia ya vitabu vya mtumba. Kwenye mkeka wa muuza vitabu Kariakoo, katikati ya vitabu vya hesabu za darasani na biblia zilizochanika, nilipata daftari la mikopo la duka la zamani, la jalada gumu. Sukari, mafuta ya taa, sabuni za mche, unga. Shilingi upande mmoja, senti upande mwingine. Chini ya kila ukurasa, jumla. Mwandiko wa mwenye duka ulikuwa umenyooka hadi jioni, kisha unalegea. Nikalipeleka kwa dada mmoja mchoraji na kwa kaka anayepiga zeze akilichanganya na sauti anazozirekodi mitaani: makonda, majenereta, adhana za mbali. Nikawaambia kitabu kitakuwa daftari hili, na hakuna kuongeza ukurasa wala kung'oa.

Dada alianza kwa kufunika majina yote ya wadeni kwa wino mweusi. “Watu wasiaibishwe na sukari waliyokopa,” alisema. Uamuzi huo wa heshima ndio uliozaa sura ya kitabu kizima, maana kila ukurasa ukawa na nguzo nyeusi upande wa kushoto, na vitu na bei vikaelea bila wenyewe. Karatasi ilikuwa kuukuu, ikinywa wino kwa pupa. Mweusi ukapenya upande wa pili na kuweka vivuli ambavyo hakuna aliyevipanga. Kaka akaamua shilingi ziwe mapigo na senti ziwe kimya, na kila afikapo kwenye jumla achanganye sauti zote za ukurasa kwa pamoja. Ukurasa wa mwisho wa mwezi, wakati watu wamekopa sana, ulikuwa na mapigo ya kukimbizana. Siku za kwanza za mwezi, palikuwa patulivu.

Walifika kwenye ukurasa wenye doa la chai, duara la kahawia lililofunika mistari mitatu.

“Kaka, hapo usipige kitu,” dada akasema. “Nimeliacha doa kama lilivyo. Ni langu hilo.”

“Dada yangu, doa si lako. Ni la mwenye duka.”

Wakacheka, na mimi nikacheka, na nilijua kazi imesimama imara. Kabla ya hapo nilikuwa nimewaona hao hao, kwenye mradi mwingine, wakinuniana kwa jambo dogo kuliko doa. Safari hii kila ubishi ulikuwa na mahali pa kwenda: wanarudi kwenye ukurasa, wanatazama mwenye duka alifanya nini, wanaamua. Mwishowe doa lilipata uzi mmoja wa zeze uliovutwa taratibu mpaka mduara ukaisha. Hakuna kati yao ambaye angelibuni hilo peke yake.

Baadaye nilikuja kukutana na kazi ya Afrika Kusini iliyonithibitishia kwamba njia hii haina mwenyewe Ulaya. Mwaka 2013 William Kentridge wa Johannesburg alitoa Second-hand Reading, filamu ya dakika kama saba iliyochorwa kwa mkaa juu ya kurasa za kamusi kuukuu ya Kiingereza. Kurasa zinafunuliwa mfululizo, na mtu aliyechorwa, ambaye ni Kentridge mwenyewe, anatembea juu ya maneno, huku na huko, asifike popote. Muziki ni wa Neo Muyanga, mzaliwa wa Soweto. Sauti yake haimfuati yule mtembeaji hatua kwa hatua. Inapita juu ya kurasa kwa mwendo wake, na kamusi inawabeba wote wawili bila kumsikiliza yeyote.

Miaka mitano baadaye, Julai 2018, Kentridge na watunzi Philip Miller na Thuthuka Sibisi walionyesha The Head & the Load kwenye ukumbi mkubwa wa Tate Modern, London. Habari yake inatuhusu moja kwa moja: ni Waafrika waliobebeshwa mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi wao katika nchi zetu hizi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina yao kutoka kwenye kikosi cha wapagazi hao. Jukwaani vivuli vya watu wenye mizigo vilipita ukutani, mbele yao waimbaji na wapiga ala, na maneno yaliyookotwa kwenye maandishi mbalimbali, zikiwamo methali na amri za kijeshi. Hapo kitu cha tatu ni kizito kuliko daftari la duka. Ni wafu. Mbele ya wafu, mchoraji na mwanamuziki hawana budi kupunguza sauti zao wenyewe, na nadhani ndiyo maana kazi ile ina ukubwa bila kujigamba.

Sasa nikiletewa mradi na vijana, huwa nina mambo matatu ya kuwauliza. La kwanza ni hilo: kuna nini mezani ambacho si cha yeyote kati yenu? Kinaweza kuwa kitabu, barua za bibi, ramani ya mtaa, orodha ya bei ya gengeni, alimradi kiwe na umbo lake na kiweze kuwakatalia. La pili: mmeacha wapi pasipojazwa? Nataka kuuona ukurasa wenye nafasi, na nataka kuisikia dakika yenye nafasi, kabla sijapanga herufi moja. La tatu ni majina na fedha. Nani ataandikwa juu ya jalada, kwa mpangilio gani, na kila nakala ikiuzwa nani anapata ngapi. Kwenye daftari letu tuliandikiana kabla ya tone la kwanza la wino, majina kwa alfabeti, mapato kwa mafungu sawa, na fungu la mpanga kurasa likatajwa bila haya. Wasanii huona aibu kulisema hili mwanzoni, na mwishoni hulisema kwa kelele. Kitu cha tatu kinaamua ubishi wa sanaa. Ubishi wa fedha unaamuliwa na karatasi iliyosainiwa.

Wengi hunijibu kwamba hawahitaji yote hayo, wao ni marafiki na wanaelewana. Nawapongeza kwa urafiki wao, kisha nawaelekeza kwa wauza vitabu vya mtumba, na nawasihi wasirudi mikono mitupu.